Kuhusu Kitanda Mlichokodi kwa Wale

Siena, Alhamisi

Kwako Mtalii Lapo, mwana wa marehemu kaka yangu,

Salamu za heshima. Nimepokea ratiba ya matembezi yenu ya siku mbili hapa Siena, wewe, mkeo Noemi na binti yenu ambaye sijamtia machoni. Umeniomba nitoe maoni bila kuficha. Hongera kwa ujasiri. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtapanda mnara wa uwanjani "ili tuuone mji wote kwa mpigo." Mji huu ndio uliokulea, Lapo. Ulivunjia jino kwenye ngazi za kanisa letu. Leo unataka kuuchungulia toka juu kama njiwa.

2. Mtakula palepale uwanjani, kwenye meza zenye picha za vyakula. Mtu anayehitaji picha ili aitambue tambi asipewe uma.

3. Kanisa kuu mmelitengea muda mfupi kuliko duka la vikombe vya ukumbusho. Pengine Mungu atakuelewa. Mimi nimeshindwa.

4. Ratiba nimeisoma mbele na nyuma. Makumbusho ya vyombo vya mateso yamo. Mimi simo. Imeniuma, na sioni aibu kusema.

5. Sasa nafika kwenye lililonilaza kitandani na kitambaa cha maji kichwani. Mmekodi chumba katika mtaa wa wale, mahasimu wetu katika mbio za farasi za mitaa. Jina lao siliandiki. Karatasi ni yangu. Wewe uliyebatizwa kuwa mwana wa mtaa kwenye chemchemi yetu, uliyefungwa skafu yetu kabla hujaota meno, unampeleka mtoto akalale chini ya bendera yao! Nello, muuza nyama wetu, alipoiona anwani aliweka kisu chini.

"Bi Fosca, huyu kijana kaoa au katekwa?"

"Kasahau, Nello. Afadhali angetekwa."

"Na wale wakimbatiza mtoto kwao?"

"Wathubutu."

Mimi mtaa ule sijaukanyaga tangu usichana wangu. Nikienda kung'olewa jino nazunguka mji mzima, shavu limevimba, ili nisipite kwao. Na sitaukanyaga.

Kwa hiyo naomba rasmi mfute safari. Ikishindikana, urudishe skafu ya baba yako, maana kwa mtalii haina kazi. Na hilo nalo likishindikana, mtoto abaki kwangu, nimlee mpaka azijue njia zote, kisha siku moja akutembeze wewe.

Nisalimie Noemi, wakwe zako wa Torino, majirani wa ngazini, na hata huyo mwenye chumba, kama naye alilelewa na mtu.

Ni mimi, mwenye masikitiko yaliyopangwa kwa namba,
Shangazi Fosca

Baada ya sahihi: Chumba msikifute. Ulipozaliwa hospitalini, baba yako aliweka udongo wa mtaa wetu chini ya kitanda cha mama yako, ili uzaliwe juu ya ardhi ya kwetu, na hakuna aliyebisha. Leo asubuhi nimechota mwingine bustanini, nimeutia mfukoni. Udongo huo ukishakaa chini ya kitanda cha mtoto, hapo patakuwa kwetu, wale wapende wasipende. Nitauleta mwenyewe. Niandikie tu mlango una rangi gani, maana njia za huko sizijui.