Ng'ombe wa Nashon Aliyejizaa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekuwa mfugaji. Ng'ombe sina, lakini hilo ni jambo dogo.

Pale tunapoteka maji, mtaani kwetu Mashimoni, alikuja mtafiti mmoja, dada anaitwa Audrey, akiuliza nani anajua wafugaji wa mjini. Watu wakampita na mitungi yao. Nikasikia mdomo wangu ukisema mimi ninafuga, kule Kawangware. Akaniuliza jina, kisha akalirudia vizuri: "Mzee Nzuki." Tangu nimzike mke wangu Kitui, jina hilo hulitamka mwenye nyumba tu, tena kwa hasira.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda kwa Nashon, jamaa ninayemfahamu, Kawangware. Yeye ana ng'ombe kweli, na hachoki kutukumbusha. Nimemwambia kesho daktari atampima ng'ombe wake bure, yeye aende kazini bila wasiwasi. Akauliza mimi nafaidika na nini. Nikasema urafiki. Akacheka sana! Lakini ufunguo wa zizi amenipa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzuri! Audrey alimtoa ng'ombe damu, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza. Kingamwili ni askari wa damu. Jeni zinazowaunda zimepangwa vipande vipande, na mwili huchagua kipande hiki na kile, ukaviunga. Ng'ombe ana vipande vichache vinavyofanya kazi kuliko sisi, lakini kimoja ni kirefu ajabu. Hicho humpa askari mkono mrefu, akafikia pembe ambazo virusi huficha.

Nikauliza maswali mengi. Mengine nilijua majibu yake, nilitaka tu aendelee.

Alipofunga mkoba nikaona mchana umekwisha. Akasema angependa kuona jinsi vipande hivyo vinavyorithiwa. Je, mama ya huyu ng'ombe yuko hai?

Yuko! nikasema. Mzima kabisa! Aje Jumanne!

Jumanne, 11 Machi

Ng'ombe wa Nashon ana baka jeupe usoni. Nimelipaka masizi ya sufuria. Sasa ni mama.

Audrey akamshika kichwa, glavu zikawa nyeusi. Nikamwambia uzee una mambo yake. Akanitazama, akatazama glavu, akatoa damu. Hata hivyo alikaa tena kwenye ndoo. Aliniuliza kama nina watoto. Nikasema hatukujaliwa. Hakuharakisha kusema pole. Alisogeza ndoo karibu tu, na ilikuwa vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Simu! Nilikuwa nikiichaji kila siku, isije ikazimika akipiga.

Audrey alisema mama na binti wana jeni zile zile, kipande kwa kipande, hata kile kirefu. Nikasema kumbe wanapendana. Hakucheka.

"Mzee Nzuki, mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Huyu wako amejizaa mwenyewe?"

Nikasema kwa Mungu yote yanawezekana.

Akasema nusura apeleke maajabu hayo mbele ya walimu wake, na wangemfuta kwenye utafiti. Miezi ya kazi! Kisha akauliza taratibu, "Kwa nini, mzee?"

Nilikuwa na jibu. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Jumapili, 30 Machi

Nimeenda Kawangware kuomba msamaha. Sikufika mlangoni. Kumbe Audrey amerudi zizini, akamkuta mwenye ng'ombe. Nyuma ya mabati nilimsikia Nashon akimweleza Audrey ukoo wote wa ng'ombe wake, na mama halisi yuko Siaya, mtunzaji wake anapatikana kwa simu! Audrey alikuwa anacheka. Nashon hajawahi kuuliza kingamwili ni nini. Atauliza nini huyo? Yeye ana mke na nyumba iliyojaa watu.

Nimerudi kwa miguu mpaka Mashimoni. Nikapika ugali, nusu nikaitupa. Bado napika wa watu wawili.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimeapa kusema kweli maisha yangu yote.

Kisha mchana Musimbi, jirani wa mlango wa tatu, akaniambia kuna kijana mpole anazunguka karibu na magorofa ya Nyayo Highrise, anachunguza magonjwa ya bata. Anatafuta wafugaji. Anakaa na mtu hata saa nzima, akiuliza maswali.

Nimempata barabarani. Nimemwambia bata ninao, tena wa aina mbili, na aje Ijumaa.

Kesho nitatafuta anayejua bata hulia vipi.