Jeni ya Sumu Kwenye Uji wa Posa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Siyo wangu (mimi nani aniletee posa), ni wakwe wa mdogo wangu Bhoke. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Bunda, maana wale wakishuka stendi tu, habari imeenea.

Niko Butiama kwa mama. Nimetoka Musoma jana kwa ajili ya hiyo posa, na nikabeba laptop. (Kosa la kwanza.)

Kwa msiojua kazi yangu: nachunguza virusi vinavyoua bakteria. Unapewa vinasaba vya kirusi, herufi nne zinajirudia mpaka macho yanauma, na wewe unatafuta kila jeni inaanzia wapi, inaishia wapi, inafanya kazi gani. Hii inajenga kichwa. Hii mkia. Hii inatoboa ukuta wa bakteria. Nyingine hakuna ajuaye, unaandika "haijulikani" na maisha yanaendelea. Tunatafuta kirusi cha kutibu ndama wanaoharisha. Sharti lake kubwa ni kwamba kisiwe na jeni ya sumu, kwa sababu vipo virusi vinavyoibeba na kumwachia bakteria, na bakteria aliyekuwa mpole anageuka muuaji.

Likizo iliyopita nilichota maji kwenye kisima chetu hapahapa nyumbani, tukapata kirusi. Leo asubuhi vinasaba vyake vimeingia kwenye barua pepe. Ningeweza kusubiri mpaka posa iishe? Ningeweza.

Wageni wakafika kutoka Bunda, wakiongozwa na Mzee Magesa, baba mkubwa wa mchumba wa Bhoke, mzee mrefu asiyetabasamu ovyo. Wakaketi sebuleni. Nikawasalimia kwa adabu zote, kisha nikajifungia chumbani. Nikafungua programu, faili likatokea, nikaanza.

Kichwa, sawa. Mkia, sawa. Haijulikani. Haijulikani. Halafu nikaona mstari ambao hakuna mtu anataka kuuona akiwa kwao.

Jeni ya sumu. Ile inayomfanya mtu aharishe damu, na kuua figo.

Nikailinganisha na hifadhidata. Inafanana karibu herufi kwa herufi. Nikalinganisha tena, nikiomba Mungu. Ileile! Kisima chetu! Mama anakunywa maji yale kila siku. Mimi nimeyanywa jana, vikombe viwili. Tumbo likaanza kunikata hapohapo (dakika moja kabla lilikuwa zima kabisa). Nikaona turubai la msiba limefungwa uani. Nikaanza hata kuchagua nani atasoma wasifu.

Ndipo nikasikia sauti ya mama kutoka sebuleni.

"Karibuni uji, wageni wetu. Sisi huku mwenyeji huwaga anaonja kwanza, ili mgeni asiwe na wasiwasi."

Uji. Wa maji ya kisima.

Sikuvaa hata viatu. Nikausukuma mlango, nikaingia sebuleni kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

"Mama, usinywe! Uji una sumu!"

Jamani. Kikombe cha mama kiliganda hewani. Mzee Magesa akakiweka chake chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Sumu," akasema. "Ameiweka nani?"

"Hakuna aliyeiweka, baba. Iko kisimani. Yaani siyo sumu yenyewe, ni jeni yake, iko ndani ya kirusi, na kirusi kinaingia ndani ya bakteria..."

"Mama yangu!" Shangazi wa mchumba akashika kichwa. "Kimoja ndani ya kingine! Kaka, tuondoke. Si nilikwambia nimeota vibaya?"

"Wewe mtoto," mama akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya kuliko kelele, "unataka nyumba yangu iitwe ya wachawi?"

Bhoke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Machozi yalikuwa yameshajaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Figo nikazisahau.

Nikaamua kuita mtaalamu anitetee. Nikampigia mwalimu wangu wa chuo, nikaweka spika ili wote wasikie. (Kosa la mwisho, na kubwa kuliko yote.)

"Mwalimu, kirusi cha kisima chetu kina jeni ya sumu!"

"Hapana. Nimekipitia asubuhi, ni safi. Hebu soma jina la faili, pale juu."

Nikaenda kuchungulia laptop. Nikarudi.

"Sema sasa."

Nikanong'ona.

"Sikusikii."

"Mazoezi."

Akashusha pumzi ndefu. "Hicho ni kirusi cha sumu ninachowapa wanafunzi makusudi, nione nani ataikamata hiyo jeni. Programu inafungua faili ulilolitumia mwisho. La kisima hujaligusa." Akaongeza, "Ila jeni umeikamata. Hongera. Na kwani huo uji haukuchemshwa?"

Mama akajibu mwenyewe. "Umechemka tangu alfajiri, mwalimu! Mpaka nikaupunguzia moto!"

Nikakata simu. Mzee Magesa akanigeukia.

"Basi," akasema, "leo ataonja mwenye habari."

Shangazi ndiye aliyenishikia kikombe. "Mpaka chini, daktari." Kikaisha, akajaza kingine. Wote wakanitazama bila kupepesa, wakisubiri nianguke. Mimi nilijua uji ni salama, lakini kwa macho yale ningeweza kufa kwa heshima tu.

"Yuko hai?" Mzee Magesa akauliza.

"Yuko hai," shangazi akajibu, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo.

Mzee akachukua kikombe chake, akanywa. Wengine wakafuata. Mazungumzo yakaanza upya, na posa imepokelewa. Limeongezwa sharti moja tu: siku ya harusi mimi nisionekane karibu na jikoni.

Sasa mnaotaka kucheka, naomba mcheke kimyakimya. Bhoke yuko hapo nje, ameshika mwiko, na anauliza nimejificha wapi.