Dada Anataka Kuona Pasipoti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Ujumbe wa dada umeingia saa nne asubuhi, nikiwa nimepiga magoti chini ya Mnara wa Paris, naziba tundu la panya. Anakuja Alhamisi. Ataondoka Jumatatu. Hatujaonana miaka thelathini na mmoja. Mwishoni ameongeza kwamba ana hamu sana ya kuiona pasipoti yangu, maana katika ukoo wetu hajatokea mtu mwenye mihuri mingi kama mimi.

Nikakaa juu ya kopo la rangi. Lilikuwa wazi.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mimi ni mpiga picha wa studio. Nina chumba cha mbele cha kazi, chumba cha nyuma cha kulala, na maturubai sita niliyoyapaka kwa mkono wangu: Mnara wa Paris, mifereji ya Venisi, Piramidi, Ukuta Mkuu wa China, Taj Mahal, na theluji ya milima ya Alpi. Wateja huja na nguo zao nzuri, husimama mbele ya sehemu waipendayo duniani, nami nawapiga picha. Na kila mwaka, tangu nilipoikimbia nchi yetu, nimesimama mimi mwenyewe mbele ya turubai mojawapo na kumtumia dada picha. Nyuma yake naeleza safari: chakula, hali ya hewa, tabia za wenyeji. Nimesoma vitabu vingi vya wasafiri. Ya Venisi niliiambatanisha na barua ya kurasa nne, na ndani yake nililalamikia unyevu.

Toka nihamie mji huu, mbali kabisa nilikofika ni kiwanda cha matofali, kituo cha mwisho cha basi.

Mpango: kuficha maturubai, kutengeneza mihuri. Siku tatu zinamtosha mtu mwenye akili.

Jumanne, 5 Machi

Pasipoti ninayo. Karatasi zangu zilichukua miaka kumi na tisa kutoka, na zilipotoka sikuwa na ujasiri wa kwenda popote, kwa hiyo kitabu ni kipya kama sahani ya wageni.

Nimechonga mihuri mitano kwa viazi. Kazi ya mikono naiweza. Muhuri wa kwanza ulitakiwa uwe tai mwenye mabawa wazi. Umetoka kuku. Nikakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Wino ukapenya kurasa nane. Sasa nimeingia katika nchi ya kuku mara nane, zote siku moja.

Nimejaribu kuufuta kwa limau. Kurasa tatu zimetoboka.

Viazi nimevichemsha nikavila ili kupoteza ushahidi. Ulimi umekuwa wa bluu.

Jumatano, 6 Machi

Leo imenibidi nivuke barabara kwenda kwa adui. Watu wanamwita Kidole. Ana duka la picha za simu, linatazamana na langu. Anakupiga picha ukiwa umesimama mlangoni, anagusa kioo kwa kidole kimoja, na tayari uko Paris. Dakika moja. Turubai langu la Paris lilinichukua miezi mitatu, na mgongo wangu haukurudi tena kama zamani. Maharusi wote sasa wanakwenda kwake.

Nikamwomba anihifadhie maturubai kwa siku tano. Akasema, mzee, wewe ni kama baba yangu, chumba changu ni chako. Upesi mno alikubali. Akauliza tu kama anaruhusiwa kuyapunguzia vumbi. Nikasema ayafanye atakavyo. Mawazo yangu yalikuwa kwenye limau.

Tumeyabeba wote wawili, turubai moja moja. Chumba cha mbele kimebaki na ukuta wa kijivu, na misumari sita.

Alhamisi, 7 Machi

Kituoni nilikuwa namtafuta mwanamke wa miaka arobaini na tano. Walishuka wengi, nikawatazama wote. Mwishowe kibibi mmoja mfupi mwenye begi la kahawia akanigusa kiwiko, akaniuliza, wewe mtoto, unanipita mara tatu unamtafuta nani.

Nina miaka sabini na moja. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kuniita mtoto. Nikafungua mdomo nimjibu, akaona ulimi. Nikamwambia ni dawa ya kifua.

Tulipokaribia mtaani kwangu, nikaona Mnara wa Paris. Kidole alikuwa ameutundika nje ya duka lake, juani, na Piramidi pembeni yake, na Venisi kwenye kamba ya nguo. Ameandika kwenye kibao kwamba mteja anaweza kuchagua: dunia ya kisasa au dunia ya kizamani. Watu wamepanga foleni kwenye ya kizamani.

Nikamgeuza dada kwa mabega. Nikamwambia hiyo njia ina matope. Akasema anaona vumbi. Nikasema matope yako chini ya vumbi. Nikamzungusha sokoni, mara tatu, nikiwa na begi lake kichwani, mpaka Kidole akafunga. Miguu ya dada imevimba. Ameniuliza kwa upole kama nyumba yangu imehama.

Ijumaa, 8 Machi

Usiku nilipata akili. Mgonjwa hatoi pasipoti, wala hampeleki mgeni kutembea mtaani. Asubuhi nikaamka nikilalamika homa. Dada akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha akaenda kupika uji.

Amekaa kando ya kitanda siku nzima akishona vifungo vya mashati yangu. Na anazungumza. Amenieleza nyumba yetu ilivyo sasa, nani ameoa, nani amezikwa wapi, ule mlango wa nyuma uliokuwa unalia ulivyonyamaza siku moja bila kutiwa mafuta. Nilitaka kuuliza mambo mia. Lakini mtu mwenye homa kali haulizi juu ya mlango. Nikawa naguna tu.

Akafika kwenye habari za mama, akaacha. Akasema, utapona kwanza.

Jumamosi, 9 Machi

Bado naumwa. Siku mbili kati ya tano nimezipitisha nikiwa nimefumba macho.

Saa nane mchana nikamsikia akitoka. Nikafurahi, nikaruka kitandani kula mkate. Nilikuwa nimejaza mdomo mlango ulipofunguliwa. Mbele ni dada, nyuma ni Kidole, na begani mwao wamebeba Venisi.

Kidole akaniamkia kwa adabu, akaniuliza hali ya homa. Kisha akatoka, na hakucheka mpaka alipofika barabarani. Kwa hilo namsifu.

Dada akakaa. Akasema alijua tangu picha ya tatu. Kila nchi niliyokwenda, jua lilikuwa upande mmoja, kushoto kwangu, mwangaza kama wa dirishani. Na huko Misri kivuli changu kilikuwa kimepanda juu ya Piramidi mpaka kileleni. Akasema yeye hakusoma sana, lakini Piramidi si kabati.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nitachoka mwenyewe. Akakosea, akasema, kwa miaka ishirini na minane.

Jumapili, 10 Machi

Leo amenieleza ya mama. Naandika kama alivyosema, nisije nikayapamba.

Mwaka ule wa mwisho mama alikuwa amelala, na picha zangu zimebandikwa ukutani mbele ya macho yake. Akawa anauliza: mtoto anayeweza kufika Venisi, hapa anashindwaje kufika? Dada hakujua kipi kitamuumiza zaidi, kuambiwa mwanawe ni mwongo, au kuambiwa mwanawe hataki kuja. Akachagua la tatu. Akamwambia niko njiani. Kwa miezi minne niliendelea kuwa njiani. Kila Ijumaa mama aliagiza kitanda changu kibadilishwe mashuka.

Nikamweleza dada kwamba wakati ule sikuwa na karatasi. Nisingevuka hata daraja. Akasema, ungeliandika hilo. Mstari mmoja, sina karatasi. Mama angekulilia, kisha angekusifia kwa majirani wote kwa kuvumilia. Mstari mmoja ulikushinda, Venisi ukaipa kurasa nne.

Nikainuka kumwekea chai.

Baadaye akatazama turubai, akasema sasa maadamu liko hapa, naye apigwe picha. Tukalitundika. Akasimama na mkoba wake ukingoni mwa mfereji, akaniuliza kama maji ni ya baridi. Nikamwambia, sana, na unyevu usiombe. Tukacheka mpaka akashika msumari asianguke. Nimepiga picha nane. Zote zimetikisika, kwa kuwa kicheko kilikuwa hakijaniisha.

Jioni akasema ndani ya basi la kesho kuna nafasi, ameshauliza. Kitanda bado kipo. Yeye ana miaka sabini na sita, na hana nguvu za kuja tena.

Nikawaza kurasa nane za kuku na matundu matatu ya limau. Ningeweza kumwambia tu hivyo. Nikasema nina wateja.

Jumatatu, 11 Machi

Ameondoka. Basi lilipowashwa akatoa mkono dirishani, akanishika kidole gumba kama alivyokuwa akinivusha barabara utotoni. Akasema nisimtumie picha tena. Nije, au niandike kwamba siwezi kuja na sababu yake. Moja kati ya hayo mawili, wewe mtoto.

Nikaapa.

Alhamisi, 21 Machi

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya pasipoti. Si vigumu, kumbe. Wanakupa nyingine ukijaza fomu moja, na kwenye fomu unaeleza kwa mkono wako ile ya kwanza iliharibikaje. Nimechukua fomu tatu. Ya kwanza nimeandika mafuriko. Ya pili moto. Ya tatu nimeanza na neno kiazi, nikaona ofisa ananitazama, nikaikunja nikarudi nyumbani. Nitakwenda tena nikiwa nimetulia.

Nikakaa kumwandikia dada sababu. Mstari mmoja tu. Nikafika kwenye neno "kuku", kalamu ikakataa. Ataona nachezea uzee wake.

Lakini siwezi kumwacha bila habari, moyo wake si mzima. Kwa hiyo nimenunua turubai jipya na makopo mawili ya rangi. Siku saba sijalala mchana. Ni basi, ubavu mzima, kubwa kama lilivyo, na kipande cha barabara. Leo nimesimama mbele yake na begi, koti limefungwa mpaka juu, taa nimeihamishia kulia. Nimemwita Kidole aje abonyeze. Akatazama basi, akanitazama mimi, akasema, mzee, hii hapana. Nikamwambia si uongo, ni habari iliyotangulia kidogo. Akabonyeza, akavuka barabara bila kuaga.

Nyuma ya picha nimeandika: Niko njiani.

Imetoka vizuri kuliko zote. Mlango wa basi nimeupaka wazi, na kwenye kila dirisha nimeweka abiria. Wanaonekana wamechoka kidogo kunisubiri.