Maabara ya Mawe, Mhadhara wa Vyura

Belmira Toste
Barabara ya Lander, Hilmar, California
Jumatatu, 1 Juni

Kwa Mkuu wa Idara ya Tathmini ya Masomo ya Uhamisho,
Chuo Kikuu cha Monte Seco

YAH: OMBI LA KUTUNUKIWA SHAHADA YA KUTAFUTA SHAHADA

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi vizuri, na kikombe chako cha kahawa umekiweka mbali na karatasi. Mimi ni Belmira Toste, mke wa mkamua ng'ombe, mama wa binti mmoja, na msaidizi wa mwalimu wa chekechea hapa Hilmar kwa miaka kumi na minne. Kazi yangu ni kufunga kamba za viatu, kufuta makamasi, na kufundisha herufi pale mwalimu anapotoka kupokea simu. Anapokea simu nyingi sana. Ndiyo maana mwaka 2018 niliamua na mimi niwe mwalimu, nikajiandikisha Chuo cha Jamii cha Rio Manso. Mpango ulikuwa nisome masomo ya jumla kwa miaka miwili, kisha nihamie kwenu nimalizie shahada ya ualimu.

Hiyo miwili imekuwa minane. Watoto niliowafuta makamasi mwaka ule sasa wananipita sokoni wananitazama kutoka juu, kwa urefu wao.

Mwezi wa nne mlinipa nafasi ya kuanza Agosti. Nyumbani tulilia. Gilberto, mume wangu, alizima mpira kwenye televisheni bila kuambiwa, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Halafu Alhamisi iliyopita ikaingia barua yenu nyingine kwenye kompyuta, inasema kipengele kimoja bado hakijakamilika, na kisipokamilika kufikia Juni mosi saa kumi na moja jioni, nafasi yangu itafutwa. Sikuendelea kusoma. Nilifunga kompyuta, nikakimbia hadi kwa mshauri wangu wa masomo, Bwana Pruitt. Naye wala hakuuliza barua iko wapi. Alivuta orodha yangu kwenye skrini, akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akasema ni maabara.

Juni mosi ni leo. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, kwa heshima na kwa namba, kama mlivyonizoesha.

1. Kuhusu maabara. Kanuni inataka uniti tatu za sayansi darasani na uniti moja ya maabara. Nilisoma baiolojia, muhula mzima wa vyura, nikapata B. Maabara ya vyura ilikuwa saa nne asubuhi, wakati mimi nimezungukwa na watoto ishirini na wawili wenye gundi. Maabara pekee ya jioni ilikuwa ya mawe. Nilimuuliza Bwana Pruitt kama inafaa, akasema maabara ni maabara. Haya basi, nikakaa miezi minne nakwaruza mawe kwa msumari. Alhamisi Bwana Pruitt, yule yule, na tai ile ile, amenieleza kwamba maabara lazima itokane na mhadhara wake.

"Bi. Toste," akaniambia, "umewaoza watu wasiojuana."

Nikamkumbusha kwamba padri aliyeifungisha ndoa hiyo ni yeye. Akatazama saa yake.

2. Kuhusu washauri. Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho ningeomba mkisome polepole. Nilirudi ofisi ile mara nne, Alhamisi na Ijumaa, nikauliza swali moja kwa maneno yale yale, kwa washauri wanne, nikaandika majibu kwenye jedwali lenye mistari. Wa kwanza alisema haifai. Wa pili alisema inafaa kama niliisoma kabla ya 2021. Wa tatu alisema inafaa kwa vyuo vyote isipokuwa chenu. Wa nne aliniuliza mimi ni mshauri mpya au vipi. Sasa, Mheshimiwa, kuuliza swali lile lile mara nyingi chini ya hali zinazofanana na kuandika matokeo kunaitwaje? Kitabu changu cha baiolojia, ukurasa wa tisa, kinakuita jaribio la kisayansi. Maabara yangu ndiyo hiyo. Jedwali nimeliambatisha. Naomba uniti yangu moja.

3. Kuhusu kuzungumza mbele ya watu. Somo hili nililisoma kwa mtandao, na sheria yake ni kwamba hotuba irekodiwe mbele ya watu wazima wanane, wote waonekane kwenye video tangu mwanzo hadi mwisho. Niliwakusanya ukumbini kwetu siku ya festa, sikukuu ya Wareno wa hapa, sahani za supu ya nyama zikiwa mkononi, nikahutubia kuhusu chanjo za watoto. Dakika ya sita mjomba wangu Adelino akainuka, akavaa kofia, akapita mbele ya kamera, akaenda kukamua. Ilikuwa saa ya kukamua, angefanyaje? Hotuba ikakataliwa kwa upungufu wa mtu mmoja, na somo zima nikalirudia muhula uliofuata. Mjomba Adelino mpaka leo anaamini alinisaidia kwa kutoka kimyakimya.

Pamoja na hayo, mimi huzungumza mbele ya watu kila siku ya Mungu, saa sita mfululizo, na wasikilizaji wangu wakiniona nababaika hulala sakafuni.

4. Kuhusu kitabu cha masomo. Mnasema mwanafunzi ana haki ya kufuata kitabu cha masharti ya masomo cha mwaka alioanza, mradi asikatize. Mimi nilikatiza muhula mmoja. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikamuuguza, tukamzika mwezi wa tatu. Niliporudi nikaambiwa haki yangu nayo imekwisha, nifuate kitabu kipya, na kwamba kundi zima la masomo ya kujiendeleza limefutwa. Katika kundi hilo nilikuwa nimefaulu somo la Kupunguza Msongo wa Mawazo. Nilipata A. Msongo wote umerudi, Mheshimiwa, na cheti sina. Sikuomba mnihurumie kwa ajili ya mama. Nilitaka tu mtu mmoja katika ofisi moja aseme pole kabla ya kuniuliza namba ya mwanafunzi.

5. Kuhusu binti yangu Noémia. Huyu alianza chuo nikiwa mwaka wa sita, kwa vitabu vyangu vya zamani, akakalia kiti nilichokalia. Alimaliza kwa miaka miwili. Sasa yuko kwenu mwaka wa tatu, anakula kwenye mkahawa wenu na kunitumia picha za saladi. Nilipomuuliza siri yake, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu.

"Mama, mimi nilisoma orodha moja," akasema. "Wewe umezisoma zote."

Nalileta hili kama ushahidi. Hata adui yangu wa ndani ya nyumba anakiri kwamba nimesoma zaidi.

6. Kwa hiyo tuhesabu pamoja. Mtu aliyelinganisha vitabu nane vya masomo vya miaka minane amekwisha kusoma historia. Mtu aliyegundua kwamba somo moja linaweza kuhesabiwa mara mbili katika kundi moja, mara moja katika lingine, na mara sifuri likivuka barabara kuu kuja kwenu, huyo hesabu anazijua. Aliyezungushwa na watu kumi na mmoja, kila mmoja akimrusha kwa mwenzake kwa danadana, bado akarudi na tabasamu, amehitimu saikolojia. Fikra tunduizi mnazo mikononi mwenu, ndizo hizi mnazosoma. Lugha ya kigeni ni ile mnayoandikia barua zenu, nami naisoma bila kamusi.

Ombi langu basi ni dogo. Achaneni na kunihamisha. Nitunukuni shahada ya kwanza hapa hapa nilipo, katika taaluma ya Kutafuta Shahada, ambayo nimeifanyia utafiti wa vitendo muda mrefu kuliko profesa wenu yeyote. Na kwa kuwa hakuna mtu jimboni anayenikaribia katika taaluma hiyo, shahada ya uzamili ifuate bila maombi. Ya tatu nayo, msione haya. Nikishakuwa daktari itakuwa ni aibu kuniacha chekechea, kwa hiyo nitahitaji ofisi. Yako ingefaa. Nasikia ina dirisha.

Kama haya yote ni mengi, nipeni ile uniti moja ya maabara kabla ya saa kumi na moja leo, nami nitawasamehe. Nataka darasa langu, Mheshimiwa. Nataka simu ikilia atoke mtu mwingine.

Nisalimie makarani wote wa idara yako, hasa yule wa dirisha la tatu anayekwenda kula saa nne na nusu. Nisalimie mlinzi wa maegesho, ambaye ndiye pekee aliyewahi kunielekeza sawasawa. Gilberto anakusalimu, na mjomba Adelino pia, ingawa anadhani wewe ni daktari wa mifugo.

Wako mvumilivu hadi mwisho wa uvumilivu,

Belmira Toste
(mwanafunzi, mwaka wa nane wa miwili)

Nyongeza: Tovuti yenu imekataa kupokea malalamiko haya mpaka niambatishe ile barua yenu ya Alhamisi. Nimeifungua, na safari hii nimeisoma mpaka chini. Imeandikwa kwamba masomo yangu yote ya jumla yamekubaliwa. Maabara mmeihesabu kutoka somo la udongo nililosoma mwaka 2019 ili nimsaidie Gilberto na shamba la mahindi, lenye maabara yake ndani, ambalo mimi na Bwana Pruitt tulilisahau kabisa. Kipengele kimoja kilichobaki ni mimi kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Nakubali nafasi." Basi. Miaka minane nimesikia kuna kitu kimoja kimebaki, na kila mara kilikuwa somo. Sikufikiria kwamba safari hii kingekuwa mimi.

Sasa ni saa kumi na nusu. Nimekikodolea macho kitufe hicho tangu saa tisa na mkono hauendi. Nina miaka arobaini na sita. Kwa kila aliyeniuliza utahamia lini nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ni kosa la mtu mwingine. Leo sina. Naogopa, Mheshimiwa. Tafadhali puuza namba moja hadi sita, na kama una nafasi kabla ya saa kumi na moja, lipitie faili langu tena kwa jicho kali. Huenda kuna somo limepungua.