Mi Napenda Ikiwa Baridi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Leo naanza kuandika. Siri! Daftari nitaificha chini ya makopo ya kole ya viatu. Mutu akiigusa, anashikamana nayo.

Habari ya leo ni moja tu: Igihozo. Ametoka kwao Rugerero, amekuja kusaidia shangazi yake, Tantine Cansilde, mwenye kuuza chai mbele ya baraza yetu, hapa karibu na Petite Barrière, pale watu wanavuka mupaka na miguu. Mi nashona viatu kwa baraza hii, miaka ine sasa. Shule niliachia darasa ya tatu. Lakini macho yangu imesoma. Niliona vile anabeba vikombe tatu kwa mukono moja, na tone haianguke.

Alinipatia chai. Ya maziwa, na tangawizi, moshi inapanda. Akasimama pale, anangoja kikombe. Sasa nani anaweza kunywa wakati mutu muzuri namna ile iko anamuangalia? Ukifyonza, kelele. Usipofyonza, unaungua. Nikajifanya niko na kazi. Nikapiga musumari kwa soli. Nikapiga ingine. Kiatu ile haikuomba musumari hata moja. Sasa iko nayo kumi na mbili.

Alienda, akarudi. Chai imekufa. Ngozi ya maziwa juu.

Pembeni yangu iko Jean-Luc, mwenye kuuza kava za simu, na macho yake pia iko kwa Igihozo. Akapaza sauti: eti mutu akiacha chai ya watu ipoe hivi, anaogopa sumu! Ayiwe! Huku kwetu neno ile si ya kuchezea. Mugeni akiacha kikombe, ni kama amesema nyumba ile inaua watu. Igihozo akainamisha macho. Akauliza polepole kama ni kweli.

Mudomo yangu haina frein, haijue kusimama. Nikasema hapana, mi napenda chai ikiwa baridi. Baridi kabisa! Nikaimaliza mara moja, pamoja na ngozi.

Akacheka. Meno yake! Bon. Jean-Luc ameanguka, mi nimeshinda.

Jumanne, tarehe 4

Ameniletea chai. Baridi. Makusudi!

Alisema yangu aliitoa asubuhi mapema, akaiweka pembeni ipoe, mutu mwingine asiiguse. Eti ni ya Théogène peke yake. Alisema Théogène! Jana nilikuwa "ule wa viatu". Nataka nini ingine? Nataka siku moja aseme jina ile mbele ya baba yake, na baba asikasirike. Hiyo tu.

Nikakunywa. Mafuta ya maziwa inashika meno kama kole. Na asubuhi za mwezi wa sita, upepo ya ziwa inakata masikio. Wengine wote wanashika vikombe kama wanashika jiko. Mi nimeshika yangu kama nimeshika chura. Jean-Luc anafyonza ya moto, fyuuu, ananiangalia.

Nikamuambia Igihozo ni tamu sana. Mara mbili nilimuambia.

Jumatano, tarehe 5

Mupango! Mi niko na mushumaa ya kuchomea ncha za nyuzi. Donc niko na moto. Igihozo akinipa chai na kugeuka, naweka kikombe juu ya mushumaa, inapata moto kidogo, nakunywa, nani anajua?

Ilienda muzuri. Moshi ndogo ilianza kutoka. Nikafurahi mpaka nikaimba. Igihozo akasikia wimbo, akarudi kuona.

Nikaficha kikombe, mushumaa na vyote chini ya aproni.

Aproni sasa iko na tundu ya kupitisha kichwa. Chai ilimwagika yote ndani ya kiatu ya mwalimu mumoja, alikuwa anaingoja na soksi tu. Igihozo akaona kikombe iko nyeusi chini, akashangaa. Nikasema jua ilikuwa kali, niliogopa itapasha chai yangu, njo nikaificha.

Akanihurumia. Disi, kumbe hata jua inakusumbua! Akasema basi kesho ataniletea ya jana, ile inalala usiku muzima dirishani.

Nikasema asante sana.

Alhamisi, tarehe 6

Ya jana.

Tumbo inaongea kama moto inapanda mulima. Moto ya kubeba watu, ile ya piki. Tantine Cansilde aliniuliza kama nimeingia dini inakataza vitu vya moto. Jean-Luc anaambia wateja wangu niko na ugonjwa, wasiweke miguu karibu. Wateja wawili walikimbia, mumoja na kiatu moja tu.

Lakini! Igihozo amesema Jumamosi anapeleka Tantine kwa amashyuza, kulowesha magoti. Akaniuliza kama nitawasindikiza. Amashyuza! Maji ya moto inatoka yenyewe ndani ya ardhi, pale kando ya ziwa. Watu wanachemusha hata viazi. Mutu wa akili anaona nini hapo? Anaona jiko. Mi nimeona.

Jumamosi, tarehe 8

Jana ilikuwa chai ya kulala tena, sitaandika juu yake.

Leo tulienda. Igihozo alibeba thermos mbili. Nyekundu, ya moto, yake na Tantine. Ya bluu, yangu, baridi. Eti ameiweka ndani ya thermos sababu jua ya njiani isiiguse. Anafikiria kila kitu, musichana huyu!

Wakati Tantine analowesha magoti na kulia "Yesu we!", nikasema naenda kunawa miguu. Nikafunga thermos ya bluu na uzi ya viatu, nikaizamisha pale maji inatokota. Nikahesabu mpaka mia. Mara kumi. Nikafungua, nikaonja.

Baridi!

Nikazamisha tena. Mia zingine kumi. Vidole mbili zimeungua. Nikaonja. Baridi! Hata zaidi, naapa.

Kulikuwa muzee mumoja, Faradji, mwenye kukanda watu magoti. Alikuwa ananiangalia muda wote. Akaja, akauliza, mwana wangu, unaoga thermos? Nikamuelezea kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema thermos ni kama mulinzi wa benki: ya ndani haitoke, ya inje haiingie. Nikamuambia labda ni thermos za zamani. Nikazamisha tena.

Baridi.

Igihozo aliona vidole yangu nyekundu. Akashika mukono yangu! Akapuliza. Fuu. Fuu. Ningejua, ningechoma zote kumi.

Halafu akasema baba yake anataka kuniona. Kesho. Nyumbani kwao, Rugerero. Sikulala... hapana, sijafika kulala, lakini najua sitalala.

Jumapili, tarehe 9

Shati ya kuazima. Viatu yangu mwenyewe, vinang'aa.

Baba yake anaitwa muzee Habineza. Aliishi Tanzania miaka mingi, Kiswahili yake ni safi kama ya redio, unaogopa kujibu. Tantine iko. Mama iko. Na nani mwingine amekaa pale, mguu juu ya mguu? Jean-Luc! Eti alimutengenezea muzee simu, akaalikwa. Ameleta na avoka.

Chai ikaja. Birika moja kubwa, ya watu wote. Halafu Igihozo akatoka jikoni na sahani, kikombe moja juu yake, imefunikwa na kitambaa ya maua. Yangu. Ya jana. Macho yake inang'aa kama amebeba keki ya harusi.

Sasa, mwenye nyumba anaonja kwanza kitu cha mugeni, ndiyo desturi, mugeni akunywe na roho safi. Sikuwa nimefikiria desturi. Muzee akachukua kikombe yangu, akavuta funda kubwa.

Uso yake ikafunga kama duka.

Akameza. Akauliza: "Binti yangu, tumemkosea nini huyu kijana?"

Igihozo akasema ndivyo napenda, baridi, ya kulala. Jean-Luc akatazama dari, akasema kwa sauti tamu, labda Théogène anaogopa birika ya watu, si mumesikia ile neno ya sumu kule barabarani? Mama akaweka kikombe yake chini.

Muzee akaniangalia. "Nyumba hii ina birika moja, kijana. Mtu anayekunywa peke yake, sisi tutamjuaje?"

Moyo ilipiga kama nyundo kwa soli. Nikisema napenda baridi, nimewatukana wote. Nikisema sipendi, nimemufanya Igihozo mujinga mbele ya baba yake. Njo nikachukua kikombe ingine, tupu, nikaisukuma kwa birika. Muzee akamimina, akasema ningoje ipoe.

Ipoe! Neno ile! Sikungoja. Nikakunywa yote. Moto! Moto mpaka kwa magoti! Wiki nzima niliota moto ile! Nikaomba ya pili. Nikaomba ya tatu. Machozi inatiririka, pua inatiririka, nacheka peke yangu.

Igihozo akasimama mbele yangu. Akauliza, donc ile ya baridi, unaipenda ao hauipendi?

Nilitaka kumudanganya vizuri. Lakini ulimi iliungua yote, haikuweza kufanya kazi yake. Nikatikisa kichwa. Hapana. Akauliza, hata siku moja? Hata siku moja.

Akaingia jikoni. Nikasema basi, imeisha, nitahamisha baraza. Jean-Luc akachukua avoka, akaanza kuimenya pole pole.

Igihozo akarudi na mwiko mukononi. Siku sita, alipiga kelele! Siku sita mi napepea chai na mufuniko! Natia kikombe ndani ya beseni, nafukuza nzi, napigana na kaka yangu anataka kuinywa! Hata mi nimekunywa baridi, eti nijue we unasikia nini! Ni mubaya, Théo! Ni mubaya sana!

Sikujua analia ao anacheka. Ilikuwa vyote. Alisema Théo! Mbele ya baba!

Mama akaanza kucheka, Tantine akafuata, magoti yake na yote. Muzee akapangusa miwani. Akasema anayekunywa uchafu ule siku sita kwa ajili ya macho ya mtu mmoja, ama ni mjinga, ama ni mvumilivu. Watanichunguza. Nirudi Jumapili.

Nirudi! Nirudi!

Jumatatu, tarehe 10

Chai ya moto! Sisikii ladha, ulimi ni kama soli, lakini ya moto!

Igihozo amenikalisha chini. Tangu leo, ukweli tu. Mambo madogo, mambo makubwa, ukweli. Nikaapa. Niliapa na mikono mbili juu. Nimejifunza, nilimuambia. Na ni kweli, nimejifunza.

Saa ine muzee Habineza akapita kuleta kiatu. Anaonekana na furaha. Kumbe kila Jumamosi asubuhi anaenda kuogelea ziwani, alizoea kule Tanzania, na anatafuta mutu wa kumusindikiza. Akamuuliza Jean-Luc. Jean-Luc akasema yeye hajui kuogelea, anaogopa maji. Mupumbavu! Nani anasema kitu namna ile mbele ya baba ya musichana?

Muzee akanigeukia. Igihozo alikuwa pale, na vikombe tatu, ananiangalia sana.

Nikasema mi naogelea tangu mutoto. Hata mugongo chini, macho juu.

Muzee akafurahi, akanipiga bega. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Tutaenda mbali, akasema, mpaka watu wa ufukweni waonekane kama siafu. Igihozo alitikisa kichwa tu, akaenda.

Ndani ya ziwa mi sijapitisha magoti. Lakini Jumamosi iko mbali. Jioni nilishuka kule kuangalia bata namna wanafanya. Bata hajasoma hata darasa moja. Ni miguu tu. Na mi niko nayo mbili.