Mchunga wa Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Machi
Bila mimi mtaa huu wote ungekuwa umelazwa. Babu yangu alitibu tumbo la mkuu wa polisi kwa majani matatu tu ya mchunga, ile mboga chungu ya porini, mkuu akamsindikiza nyumbani kwa tarumbeta. Utaalamu huo nimerithi mimi. Dada haoni. Kasema chumba changu cha uani anakitaka kwa cherehani zake, labda niwe na kazi ya maana kabla mwezi haujaisha. Kazi? Nyuma ya bafu lake mchunga umejiotea tele!

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza. Kikombe cha mchunga uliochemshwa hutibu gesi, minyoo, kukosa hamu ya kula. Nikaongezea na wivu. Foleni hadi getini! Jirani yetu kinyozi, yule Mdomo Wembe, kaja kuchungulia. Ati nichume majani tu, mzizi niuache ardhini uchipue tena. Husuda hiyo. Nikamuuliza tangu lini mkasi ukafundisha dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeng'oa wote. Majani gunia zima! Mizizi nimeitupa ng'ambo ya ukuta, kwa kinyozi, ajifagilie mwenyewe. Mpwa wangu anasema uani pamenyolewa kipara. Mtoto hana adabu.

Jumapili, 23 Machi
Nusu ya gunia imenyweka, nusu imeoza. Nyuma ya bafu ni tope tupu. Nikachuma gugu la kando ya mfereji, limefanana na mchunga kama pacha, au karibu. Mgonjwa wa kwanza, fundi viatu, akanusa kikombe, akanirudishia. "Anza wewe, mganga." Watu wamekodoa macho. Nikanywa chote, nikajilamba midomo.

Jumanne, 25 Machi
Naandikia chooni.

Alhamisi, 27 Machi
Dada kanikokota hadi kwa kinyozi. Lo! Pale nilipotupa mizizi, mvua imenyesha, mchunga umechipua tuta zima. Wagonjwa wangu wote wamejaa kwenye benchi lake. Akanimiminia kikombe.
"Kunywa, bwana mkubwa. Wewe si ulichukua majani? Mimi nilibaki na mizizi."
Benchi zima likacheka, na dada pia. Nikanywa. Tumbo likatulia, kwa bahati tu.

Jumatatu, 31 Machi
Cherehani zimeingia chumbani. Mimi nalala jikoni, miguu chini ya meza.
Lakini nina mpango! Kesho kinyozi anakwenda harusini. Nitaruka ukuta na jembe, ning'oe tuta lote. Safari hii mizizi nitaitupa mbali zaidi. Dada akiona gunia, mwenyewe atazibeba cherehani kuzitoa nje.
Jambo moja dogo, na lisitoke hapa. Babu hakutibu mtu. Habari zote za mchunga nilizisikia kwa kinyozi, nimefungwa shuka shingoni, povu mashavuni. Alipofika kwenye mizizi nilikuwa nimesinzia.