Kalenda Moja kwa Wanawake Wote wa Kiegeani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amewakilishwa, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi ya Kamati, mashehe wetu, mabwana wa hifadhi ya bahari mliotoka Utende, wafanyabiashara wa Kilindoni mliotuazima spika, wazee mliokaa kwenye viti, na akina mama mliokaa kwenye mikeka kwa hiari yenu baada ya viti kuisha: asalaam aleikum, na aliyesahaulika ajihesabu kwamba ametajwa.

(Tukaitikia. Mimi nilikuwa mkekani na mwanangu Safia, aliyeolewa mwaka wa tano sasa na mtoto hajapata. Mbele yetu alikaa mama mkwe wake, Mwanamkuu, ambaye ameshatamka kwamba mwani ukivunwa anamrudisha kwetu. Kwa hiyo nilikuja na masikio yote mawili.)

Ndugu wananchi, mimi kama Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Masuala Mtambuka, niliyehudhuria warsha nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai katika wilaya hii, nasimama kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wenu hamnao, kuwatangazia kwamba tatizo la kuchelewa kushika mimba, ambalo kwa takwimu zangu limewaathiri asilimia mia na nne ya walioathirika, sasa limepatiwa strateji. (Makofi kutoka kwenye viti.) Kituo chetu cha Uelewa wa Yai, ambacho utepe wake mnauona pale umefungwa kati ya minazi miwili, kimekuja na Kalenda Moja. Nilikaa nikatafakari: sisi tunaishi na bahari, bahari inafuata mwezi, na mwanamke naye ana mwezi wake. Basi nikachukua lile jedwali la maji kujaa na kupwa lililobandikwa ukutani kwangu, nikafuta neno bamvua, yaani maji makubwa, nikaandika yai. Kuanzia leo mayai yote ya Kiegeani yatatoka kwa pamoja, bamvua la giza, ili ofisi yangu ifanye monitaringi kwa siku moja na kurudi.

(Wanawake tukatazamana. Bamvua la giza, mwezi ukiwa haupo, ndipo sisi tuko majini na mwani, na waume wavua dagaa wako dago, kwenye kambi zao za uvuvi huko Ras Mkumbi, na taa zao. Wanarudi mbalamwezi, kama walivyorudi leo. Nikainua mkono, nikasema shikamoo mheshimiwa, akaniambia marahaba mama, kwa kifupi. Nikamweleza kuwa siku za Safia wangu hazikai pahala pamoja, mwezi huu zinawahi, mwezi ujao zinachelewa, na Matano mumewe giza lote hayupo. "Sasa baba, hilo yai likitoka bamvua, litamkuta nani nyumbani?")

Nashukuru kwa swali, ambalo linaonesha kazi kubwa tuliyonayo ya kuelimisha umma. Mama, mradi hauwezi kumfuata kila mwanamke na siku zake, wala sera haipandi mashua kwenda dago. Siku zinazohamahama ni utovu wa nidhamu. Mwanamke wa miaka mitano ndani ya ndoa bila matokeo ajiulize yeye kama ameshiriki mpango ipasavyo.

(Mwanamkuu akageuka, akamtazama Safia kutoka juu hadi chini. Mwanangu akavuta kanga usoni. Nikamshika goti.)

Na hapo ndipo inapoonekana tofauti ya kiongozi na mtaalamu. Muuguzi mmoja aliniandikia karatasi niisome hapa, nikakuta imejaa maneno yasiyo na hadhi ya jukwaa. Nitawasomea kidogo ili mjue nilivyowaokoa. Anasema siku za wanawake hazilingani, na hata za mwanamke mmoja husogea, kwa safari, kwa maradhi, kwa mawazo: nimekata. Anasema yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayokuja, na hiyo inayokuja nani ameiona? Nimekata. Anasema mwanamke ajitazame mwenyewe, akiona ute mwepesi, wa kuteleza, unaovutika kama ute wa yai bichi, basi siku zenyewe ndizo hizo, na mume awe nyumbani. Hilo nimelikata mara mbili, kwa heshima ya wazee.

(Mwanamke mmoja akamwomba arudie hapo alipokata mara mbili. Tukacheka, kisha tukasogeza mikeka mbele.)

Anasema pia ukipita mwaka mnatafuta na hampati, muende hospitali wote wawili, maana kasoro yaweza kuwa kwa mume vilevile. Kipengele hiki nilikipeleka kwenye kamati ya wanaume, kikakosa kura.

(Safia akaninong'oneza, "Mama, huo ute mimi nauona. Nikiuona, yeye hayupo." Sijui Matano alisikia au alijua tu. Akasimama kati ya wavuvi wenzake, kofia mkononi, akamwambia Mwanamkuu mbele ya watu wote: "Mama, Safia harudishwi. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na yeye. Na giza hili dago siendi.")

Waandishi, andikeni hilo: mradi umeleta matokeo hata kabla ya kuanza, wanufaika wawili, sawa na ongezeko la asilimia mia mbili. Naona wanufaika wanaondoka. Naona na wengine wanakunja mikeka. Naomba mbaki kwa kaulimbiu. Nikisema Yai Moja, itikieni Kalenda Moja. Yai Moja! (Kimya.) Bamvua kwa Maendeleo! (Kimya.) Basi, mtaitikia majumbani.

Kwa kuhitimisha, namshukuru Javed wa Kilindoni kwa utepe, ambao hautakatwa kwa sababu anautaka dukani kwake kabla ya magharibi. Nawashukuru wenye minazi. Nawashukuru wafadhili, ambao tukiwapata tutawajulisha. Na nawashukuru ninyi kwa kuizindua Kalenda, ambayo haijachapwa, ya Kituo, ambacho hakijajengwa, cha mradi ambao mimi mwenyewe niliusikia kwa mara ya kwanza nilipokuwa nauandika garini nikija.

(Ahsante hiyo aliisikia dereva wake. Sisi tulikuwa tumeshaingia njiani, wanawake tunaulizana mambo ya ute bila kushusha sauti, na Mwanamkuu nyuma yetu, amembebea Safia mkeka.)